Jino la Kijiko Likilika, Usingoje Lifike Kwenye Ufizi



Mhariri alipotuomba tuandike juu ya jambo tulilojifunza nje ya darasa, niliona wenzangu wanachukua mapishi, wengine visa, wengine namna ya kutafuta chumba cha kupanga. Mimi nikasema nitaandika kuhusu meno. Watu wakacheka. Lakini siyo haya tunayopigia mswaki. Nasemea meno ya kijiko, ile mashine yenye sepetu kubwa mbele na mkono mrefu wa kuchimbia nyuma. Wako wanaoiita JCB hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa, na hapo hakuna ugomvi, sote tunaelewana.

Nina sababu mbili za kuandika. Kwanza, wengi wetu tuna mjomba, kaka au rafiki nyumbani mwenye mashine ya namna hii, au anayejikusanya ili anunue. Kikiharibika kitu, simu ya kwanza inapigwa kwetu, "nyie mlio huko kwenye mashine." Pili, mimi nilipigiwa simu hiyo, nikajifanya najua, nikapoteza mshahara wangu wa wiki mbili za kufagia ofisi usiku. Sitaki na wewe upoteze.

SIMU KUTOKA MWANZA

Mjomba wangu anachimba misingi ya nyumba na mitaro ya mabomba Mwanza. Anayeijua Mwanza anaelewa maana yake. Ule ni mji wa mawe. Unaanza kuchimba vizuri kwenye udongo, hatua chache mbele unagonga jabali la granaiti. Kijiko chake ni cha mitumba, kilitoka hapa hapa Uingereza kwa meli mpaka Dar es Salaam. Jioni moja akapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Masomo yanaendaje? Sikiliza, kijiko kimeng'oka jino, na mengine yamekwisha. Hapa nimetajiwa bei nikaona kizunguzungu. Huko si ndiko kinakotengenezwa?"

Hilo ni kweli. JCB ilianzishwa na Joseph Cyril Bamford mwaka 1945 katika mji wa Uttoxeter, Staffordshire, na makao yake makuu mpaka leo yako Rocester, jirani tu na hapo. Basi nikaona ni jambo dogo. Nikauliza mashine ya aina gani, nikaambiwa 3CX. Nikaenda kwa muuza vipuri, nikasema nataka meno matano ya 3CX. Akaniuliza, "Ya baketi gani?" Nikamjibu kwa kujiamini, "Ya 3CX." Akaniangalia, akanipa, nikalipa.

Dada mmoja wa jumuiya yetu alikuwa anakwenda nyumbani harusini. Akakubali kubeba kilo kumi na tano za chuma kati ya vitenge na zawadi za bibi harusi. Mungu ambariki. Wiki mbili baadaye nikapata simu.

"Mjomba, haya meno yana matundu mawili ya bolti. Baketi yangu haina bolti hata moja."

Kumbe mwenye mashine wa kwanza alishaibadilisha baketi zamani, akafunga ya kampuni nyingine. Jino halifuati mashine, linafuata baketi. Muuza duka aliniuliza swali lenyewe, mimi ndiye sikulielewa. Kosa langu.

Ila hasara kubwa haikuwa ile hela yangu. Katika wiki hizo za kusubiri, kazi haikusimama. Opereta aliendelea kuchimba na pengo lile lile. Meno mapya yanayofaa yalipopatikana baadaye, pale mahali pa kuyavalisha palikuwa pameshalika, jino linacheza kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Kitu cha bei ndogo kikala kitu cha bei kubwa.

Likizo ya kiangazi iliyofuata nilipata kazi kwenye karakana ya kampuni moja inayokodisha mashine. Fundi mkuu alikuwa mzee wa Kiingereza asiye na maneno mengi. Yeye ndiye aliyenifundisha haya ninayowaandikia.

JINO LIMEUMBWA LILIKE

Baketi ya kuchimbia ina mdomo, yaani ukingo wa chuma kinene unaoingia ardhini. Kwenye mdomo huo, katika mashine nyingi, kumechomelewa vipande vya chuma vilivyochongoka ambavyo mafundi wanaviita adapta. Mimi naona jina linalofaa kwetu ni ufizi, kwa sababu jino linavalishwa juu yake. Jino lenyewe ni kama soksi ya chuma kigumu. Ndani lina uwazi wa kuingia ufizi, nje limechongoka.

Sasa mpango wote ni huu. Jino limetengenezwa ili lilike, ufizi usilike. Ufizi nao unaulinda mdomo, na mdomo unailinda baketi nzima. Kila kitu kinamkinga aliye nyuma yake. Jino unabadilisha kwa nyundo, mara nyingi kwa dakika chache tu. Ufizi unahitaji fundi wa kuchomelea. Mdomo ukiharibika, baketi inaondolewa na kupelekwa karakana. Kadiri uharibifu unavyorudi nyuma ndivyo bei inavyopanda. Kwa hiyo anayebana hela ya jino hajabana chochote, amelihamishia deni nyuma tu.

Kuna na hasara isiyoonekana haraka. Tufanye hesabu ndogo ya mfano, tuliosoma fizikia tutakumbuka kwamba mgandamizo ni kani ugawe kwa eneo. Tuseme baketi inasukuma ardhi kwa kani ya uzito wa tani 5, na ina meno matano. Jino jipya lina ncha yenye upana wa sentimita 6 na unene wa sentimita 1. Jumla ya eneo ni sentimita za mraba 30, kwa hiyo kila sentimita ya mraba inabeba kama kilo 167. Meno yakilika mpaka unene ukawa sentimita 3, eneo linakuwa 90, na kila sentimita inabaki na kilo 56 hivi. Mashine ile ile, dizeli ile ile, lakini nguvu ya kupasua ardhi imebaki theluthi. Ndiyo maana opereta anakanyaga mafuta zaidi, mashine inaunguruma, na mtaro hausogei. Ukisikia mwenye kijiko analalamika kwamba siku hizi kinakunywa sana dizeli, kabla hujaulaumu injini mwambie akaangalie meno.

UTAJUAJE KWAMBA WAKATI UMEFIKA

Fundi mzee alikuwa na kanuni moja rahisi. Weka jino jipya kando ya lile lililoko kwenye baketi. Likiwa limepungua nusu ya urefu wa ile sehemu iliyochongoka, agiza. Usingoje. Ukiona tundu limeanza kutoboka kwenye ncha na chuma cha ndani kinachungulia, umeshachelewa, kwani hapo ufizi ndio unaochimba.

Dalili nyingine ni hizi. Jino linacheza ukilishika na kulitikisa (mashine ikiwa imezimwa, tafadhali). Pini imeanza kutokeza nje. Kuna ufa. Au jino moja limekuwa fupi kuliko wenzake. Mengine yanalika haraka kutokana na mahali yalipo, hivyo unaweza kuyahamisha, la pembeni likaja katikati na la katikati likaenda pembeni. Kuna na aina ambazo juu na chini ni sawasawa, unaweza kuligeuza jino nusu duara ili liendelee kulika upande wa pili. Kwa namna hiyo unapata maisha marefu bila kununua kitu.

Na jino likidondoka ardhini, litafute. Usiseme "ni chuma tu". Likichanganyika na mawe yanayopelekwa kwenye mashine ya kusagia kokoto, litavunja huko. Likibaki njiani, siku moja litachana tairi, pengine tairi lako mwenyewe.

KABLA YA KUNUNUA, PIMA

Hapa ndipo nilipoanguka mimi, kwa hiyo someni kwa makini.

Kwanza tazama jino limefungwaje. Kuna linalofungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye mdomo wa baketi, kwa kawaida bolti mbili, na halina ufizi. Kuna la pini iliyosimama, inayogongwa kutoka juu kwenda chini. Kuna na la pini iliyolala, inayoingia kwa ubavuni na kushikwa na kifungio mithili ya pete. Hizi ni familia tatu tofauti, hazioani.

Pili, soma namba. Watengenezaji wengi huweka namba kwenye jino lenyewe wakati wa kulimimina, ubavuni au kwa ndani. Sugua kwa brashi ya waya, piga picha. Kama jino limelika mpaka namba imefutika, tazama lingine kwenye baketi hiyo hiyo, na usiache kuutazama ufizi, nao huwa na namba yake.

Tatu, pima. Kwenye jino la pini, vua jino moja upime uwazi wake wa ndani: upana, kimo na kina. Pima urefu na unene wa pini. Kwa la bolti, pima nafasi kati ya tundu na tundu, unene wa bolti, na unene wa mdomo wa baketi. Weka rula au futi kando ya kitu unachokipiga picha. Picha bila rula haisaidii kitu, jino kubwa na dogo yote yanafanana kwenye simu.

Nne, sema kazi yako ni ipi. Meno yako ya namna nyingi. Kuna la kawaida kwa udongo mchanganyiko. Kuna la mawe, lenye nyama nyingi zaidi kwenye ncha. Kuna lenye ncha moja kali, linalopenya haraka kwenye ardhi ngumu lakini lina chuma kidogo cha kulika. Kuna na pana, kwa anayetaka sakafu ya mtaro iwe tambarare. Mjomba alikuwa anatumia meno ya kawaida kwenye granaiti ya Mwanza, ni kama kuvunja nazi kwa kijiko cha chai.

Usisahau kununua pini mpya pamoja na meno. Pini nyingi za kusimama ni vipande viwili vya chuma vyenye raba katikati, na raba hiyo ndiyo inayobana. Ikichoka, pini haibani tena. Kurudishia pini kuukuu kwenye jino jipya ni kutafuta jino lidondoke wiki ijayo.

MIWANI KWANZA

Siku yangu ya kwanza ya kubadilisha meno pale karakana, nilishika nyundo nikaenda. Yule mzee akaniita. Hakusema neno, akanionyesha macho yake kwa kidole. Miwani ya kinga niliiacha kwenye kabati, upande wa pili wa uwanja, na mvua ilikuwa inanyesha. Nikamwambia ni pigo moja mbili tu. Akakaa juu ya ndoo ya mafuta akanyamaza, maana yake hakuna kazi mpaka niende. Nikaenda huku nimenuna.

Pigo la tatu au la nne nikasikia "ta!" usoni. Nilipoivua ile miwani, kioo cha kulia kilikuwa na kijishimo, mbele kabisa ya mboni. Kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mtama. Mzee akaichukua miwani, akaitazama, akanirudishia, akasema, "Endelea."

Sababu yake ni hii. Chuma cha jino kimepikwa na kupozwa makusudi ili kiwe kigumu sana. Uso wa nyundo nao ni mgumu. Chuma kigumu kikigongwa na kigumu chenzake hakibonyei, kinameguka, na kinachomeguka kinaruka kama risasi. Kwa hiyo usiligonge jino moja kwa moja kwa nyundo ngumu. Tumia chuma cha kati cha kusukumia pini, chenye kichwa laini, au kipande cha shaba. Kichwa chake kikishachanuka kama uyoga, kisage kiwe sawa kabla ya kukitumia, kwani hizo kingo ndizo zinazoruka. Na miwani iwe ya kuhimili kishindo, siyo ya jua, siyo ya kusomea. Anayekushikia naye avae. Wanaotazama wasogee mbali.

Hapa Uingereza sheria inamlazimu mwajiri kutoa vifaa hivi bila kumkata mfanyakazi, kanuni za vifaa vya kujikinga kazini ni za mwaka 1992. Tanzania nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Lakini tuseme ukweli, kule mtaroni mkaguzi hayupo. Yupo mwenye kijiko, na yupo kijana utingo anayeambiwa "gonga hapo". Jicho la kijana huyo liko mikononi mwa mwenye kijiko.

HATUA KWA HATUA: JINO LA PINI

1. Simamisha mashine mahali tambarare na pagumu. Shusha miguu ya pembeni na sepetu la mbele. Laza baketi ya nyuma juu ya magogo imara, meno yakitokeza mbele na kuwe na nafasi chini ya jino ili pini ipate pa kutokea. Weka breki ya mkono, zima injini, sogeza levya zote huku na huku ili presha ya haidroliki iliyobaki itoke. Kisha ufunguo utie mfukoni mwako, siyo uuache kwenye swichi. Kamwe usiingie chini ya baketi iliyoning'inia, hata kwa sekunde moja.

2. Safisha. Udongo ukijaa kwenye tundu la pini hukauka ukawa kama saruji. Kwangua, piga brashi ya waya, tia mafuta ya kulegeza kutu, nenda kanywe chai. Haraka yako hapa itakugharimu nguvu baadaye.

3. Gonga pini itoke. Chuma cha kusukumia kiwe chembamba kidogo kuliko tundu na kirefu kupita kimo cha jino. Kishikwe kwa koleo au kishikio kirefu, siyo kwa mkono mtupu wa mwenzako. Tazama pini ilikuwa imeelekea upande gani kabla haijatoka, ukiweza ipige picha.

4. Vuta jino. Likikataa, ligonge kidogo kidogo ubavu huu na ubavu ule, kwa nyundo ya shaba au kupitia kile chuma laini, litalegea.

5. Usiharakishe kuvalisha jipya. Safisha ufizi mpaka chuma kionekane, utafute nyufa, hasa pale ulipochomelewa kwenye mdomo wa baketi. Kisha jaribisha jino jipya bila pini. Kucheza kidogo ni kawaida. Likiyumba huku na huku, ufizi umelika, na jino jipya halitakaa. Litavunja pini, au litavunjika lenyewe.

6. Linganisha matundu. Hapa kuna kosa wanalofanya hata mafundi wazoefu, kutia kidole tunduni ili kuhisi kama yamelingana. Jino likiteleza, kidole kimekwenda. Tumia tochi au kijiti.

7. Gonga pini mpya, ikielekea kama ile ya kwanza ilivyoelekea, mpaka kichwa chake kiwe sawa na uso wa jino au kizame kidogo. Ikiingia kwa kusukumwa na kidole gumba, jua haibani. Simama, tafuta sababu.

8. Chimba saa chache, kisha rudi ukague. Jino hukaa vizuri zaidi baada ya kuanza kazi, na pini mbaya hujionyesha mapema.

Kwa pini iliyolala kuna tofauti moja. Kile kifungio cha pete kinakaa kwenye kishimo chake ubavuni mwa ufizi, nacho unakiweka kabla ya kuvalisha jino. Upande wa kuingizia pini si wa kubahatisha, kitabu cha mashine kinasema. Ukiingiza kwa upande usiotakiwa, pete haitashika pini, na jino utaliacha mtaroni.

JINO LA BOLTI

Maandalizi ni yale yale. Tatizo lake ni kwamba vichwa vya bolti na nati husagwa na mchanga mpaka spana haina pa kushika. Mara nyingi utalazimika kuzikata kwa grenda. Usiumie roho, bolti hizo hazirudi tena kazini hata kama zingefunguka. Funga mpya, za ugumu ule ule uliotakiwa na mtengenezaji, siyo bolti yoyote ya dukani inayopita tunduni. Safisha mdomo wa baketi ili jino likae bapa, maana kijiwe kimoja kikibaki katikati, bolti italegea. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni, na baada ya saa chache za kazi kaza tena.

UFIZI UKISHALIKA

Hapa ndipo vishawishi vinapoanza. Fundi wa mtaani atakuambia, "Tuchomelee tu jino hapo hapo, litashika." Mjomba alikubali. Lilishika siku tatu.

Kuna sababu. Ugumu wa jino umetokana na joto lililopimwa kiwandani. Ukilipiga moto wa kuchomelea bila utaratibu, mahali pengine panalainika, pengine panakuwa pakavu kama kioo na kupasuka. Na hata likishika, likija kulika utalikata kwa moto na kuukata ufizi nao. Umeoza meno, sasa unang'oa taya.

Dawa ni kuubadilisha ufizi wenyewe, na hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea mwenye ujuzi. Ukimsimamia, mwulize mambo manne. Je, atapasha joto ufizi na mdomo wa baketi kabla ya kuanza? Je, vijiti vyake ni vya haidrojeni ndogo, kama vile vya namba 7018, na vimetunzwa mahali pakavu? Je, atautambaza waya wa ethi karibu kabisa na anapochomelea, ili umeme usipite kwenye pini na silinda za mkono? Je, ameshakata nyaya za betri ya mashine? Akibabaika kwenye yote manne, mshukuru, tafuta mwingine.

NA OPERETA JE?

Meno mengine hayaliki, yanavunjwa. Kwenye mawe, jino linataka kuingia kwa ncha kisha kuvuta. Opereta akilitumia kama mtaimbo wa kupekua jabali, au akalipiga jabali kwa ubavu wa baketi ili lisogee, jino linabeba mzigo wa upande ambao halikutengenezewa. Kwa hiyo mkae mzungumze naye. Mpe dakika tano kila asubuhi za kuzunguka mashine, ashike kila jino, atazame kila pini. Na akisema "bosi, jino limelegea", usimjibu "malizia kwanza kazi ya leo". Jibu hilo ndilo lililomgharimu mjomba.

TULIPOFIKIA

Yale meno ya bolti niliyanadi mpaka nikapata mtu wa kuyanunua kwa nusu bei. Mjomba alibadilisha fizi tatu, akafunga meno ya mawe. Safari hii nilituma picha zenye rula, namba, na vipimo vyote, na muuza duka hakuwa na swali. Kwenye mzigo nikaongeza pini sita za akiba na miwani mitatu ya kinga. Miwani hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko vyote kwenye mzigo ule.

Juzi tulizungumza kwa video. Nyuma yake nilimwona yule kijana utingo akigonga pini, miwani usoni, jasho linamtoka. Mjomba akageuza simu nimwone vizuri.

"Mjomba, huyu anasema ile miwani inamfanya aone ukungu."

"Mwambie aifute, avae tena," nikasema.

Akamfikishia ujumbe. Kijana akaivua, akaifuta kwa fulana yake, akaivaa, akaendelea kugonga.

Basi ndugu zangu, siku ukipigiwa simu kama niliyopigiwa mimi, usikimbilie dukani. Uliza kwanza, "Baketi gani? Imefungwa kwa bolti au pini? Nitumie picha yenye rula." Halafu uliza la mwisho, "Na anayegonga, ana miwani?"